Tabaka Lililoitwa Takataka

Harufu ya samaki wa kukaanga ndiyo iliyonisomesha, na sikuwahi kuipenda. Shangazi yangu Zipporah, aliyenilea baada ya mamangu kufariki, alirudi nayo kila jioni kwenye leso, kwenye nywele, kwenye vidole vilivyonimegea sima. Nilipopata kazi Malindi katika ofisi ya msanifu majengo, kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa chupa ya marashi. Sioni haya kusema. Aliyelala utoto wake wote kando ya ndoo ya vibua ana haki ya kunukia apendavyo.

Shangazi ni mama karanga. Ndivyo wanavyoitwa huku kwetu wanawake wanaonunua samaki wadogo ufukweni, wakawakaanga na kuwauza kando ya barabara. Pahali wanaponunulia panaitwa Mvinjeni, kati ya Watamu na Malindi, na njia ya kufikia pale ni moja: ujia wa mchanga unaotoka barabarani, ukapita katika kiwanja cha umma kilichobanwa na kuta za hoteli mbili, ukatokea pwani. Kila mwaka kuta zile hunenepa na kiwanja hukonda.

Katika ujia huo wanawake wana desturi yao. Alfajiri kila mmoja huja na beseni lake akalitua nyuma ya lililotangulia, kisha huenda zake kuwasha moto, kuamsha watoto, kuswali. Beseni ndilo linalopanga foleni. Ndani hutiwa jiwe lisipeperushwe na upepo, au kipande cha leso kuukuu lipate kujulikana. Vyombo vya wavuvi vikiingia na samaki, mwenyewe hurudi akasimama nyuma ya beseni lake kana kwamba hakuondoka. Beseni la mtu haliguswi. Siku Mama Kenga alipoanguka jikoni kwake akafa, beseni lake lilikuwa mbele kabisa. Wenzake walilizunguka wakanunua samaki wao, na likabaki peke yake mchangani mpaka binti yake alipokuja kulichukua.

Basi siku Bwana Masha, mwenye ofisi, aliposema tumepata kazi ya kukigeuza kiwanja cha Mvinjeni kiwe bustani, na kwamba banda la mapumziko nitalisanifu mimi, nilihisi kifua kikipanuka. Wenzangu walikuwa wakichora vyoo vya nyumba za kupangisha. Mimi nilipewa banda ambalo watu watakaa bila kulipa, watoto watacheza, na mtu atauliza: nani alilifikiria hili?

Kabla ya kuchora mstari mmoja nilikwenda kukaa kiwanjani. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na anayeiruka ni mpaka-rangi tu. Nilifunga vipande vya mifuko kwenye vijiti nikatazama upepo unavyoingia, ukagonga ukuta wa hoteli, ukajipinda. Niliuliza maji ya masika yanatuama wapi. Niliweka alama kila mti wa mkungu na upana wa kivuli chake. Nilifuata nyayo mchangani nione watu wanapita wapi hasa, si pale ambapo ramani inasema wapite. Kisha nikarudi ofisini nikakijenga kiwanja kizima ndani ya kompyuta: mteremko, miti, kuta mbili za hoteli, ujia. Modeli ile ungeweza kuiambia mwezi na saa, nayo ikakuonyesha jua limesimama wapi na kivuli kimelala wapi.

Banda likajileta lenyewe. Nililiweka upande wa kusini chini ya mikungu, refu na jembamba, ncha moja ikitazama barabara na nyingine bahari, ili jua kali la alasiri likute ubavu mwembamba. Pande ndefu niliziacha wazi, kusi ipite, kaskazi ipite. Paa la makuti nililiinamisha chini kama kofia ya mtu mwenye usingizi. Nilipitisha baraza la mawe kutoka mwanzo hadi mwisho. Na upande wa njia niliurefusha ukingo wa paa kidogo, kivuli chake kiangukie ule mstari wa mabeseni. Lilikuwa zuri. Nasema mimi, na mwenye zuri zaidi alete.

Mabeseni nayo niliyachora. Ofisi ilikuwa imerusha droni asubuhi na mapema ikapiga picha kutoka juu, na katika picha ile yalionekana kama shanga zilizokatika uzi. Nikayaweka katika modeli, kila moja kwa rangi yake na jiwe lake. La shangazi ni la manjano, lenye ufa ulioshonwa kwa waya.

Bwana Masha alipoitazama picha ya droni alikunja uso. Yeye ni mtu wa Ganze, jirani kabisa na Vitengeni, asili ya ukoo wetu, lakini alisomea mbali, na akilazimika kusema Kigiriama utadhani anatema mwiba wa samaki. Kiwanjani alikuwa amefika mara moja, adhuhuri, akatazama akiwa ndani ya gari kwa sababu viatu vyake ni vyeupe.

"Tazama plastiki hizo," akasema. "Watu wetu hawa. Ukiwapa pepo wataitupia taka."

Nikamwambia si taka, ni foleni. Akaniuliza foleni ya nani, mbona haina watu. Nikamweleza desturi yote, mpaka kisa cha Mama Kenga. Alicheka, akanipiga bega, akavuta kompyuta upande wake. Kila kitu katika modeli hukaa katika tabaka lake, miti peke yake, kuta peke yake, upate kukizima au kukiwasha upendapo. Tabaka la mabeseni mimi nililiita Foleni. Yeye akalifuta jina hilo, akaandika Takataka, akalizima. Mabeseni yakatoweka. Katika ripoti ya uchambuzi akaandika kwamba ujia ule umegeuzwa jaa, na kwamba kwa afya ya umma haufai kuendelea.

Siku ile nilidhani ni upumbavu tu. Upumbavu naweza kuuvumilia.

Wiki iliyofuata alilivuta banda langu ndani ya modeli. Aliliondoa chini ya mikungu akalisukuma mpaka katikati ya kiwanja, akaligeuza lilale kukata njia, kutoka karibu na ukuta huu mpaka karibu na ukuta ule. Upande wa kusini, pale pengo lilipobaki, akaweka ua wa maua na lango. Upande wa kaskazini, ambako ujia unapita kando ya ukuta wa hoteli, akaongeza vyoo. Nikamwonyesha katika modeli kwamba alasiri jua litawapiga watu usoni. Nikamwonyesha kwamba kaskazi ikianza, uvundo wa choo utaletwa moja kwa moja puani mwa waliokaa. Akasema anataka mandhari. Nikasema mandhari ya bahari yalikuwako pia kule kwa kwanza. Akasema, "Sanga, wewe chora."

Nililielewa banda hilo jipya siku mwenye hoteli ya upande wa kaskazini alipokuja ofisini. Aliletewa kahawa, akazungushiwa modeli kwenye skrini, jua la asubuhi, jua la jioni, watu wa bandia wakitembea. Hakuuliza paa ni la nini wala watu wangapi wataenea. Aliuliza jambo moja: lango litafungwa na nani. Bwana Masha akamjibu kwamba funguo zitakaa kwa mlinzi wa hoteli, kama msaada kwa jamii.

Mgeni akaridhika. Akatueleza wageni wake wanavyoteseka kila asubuhi kwa kelele za wanawake wale na ule uvundo wao, akatoa kitambaa akakiweka puani kana kwamba uvundo umemfuata mpaka Malindi. Kisha akaniinamia, akavuta pumzi.

"Kijana wako ananukia vizuri," akamwambia Bwana Masha. "Hivi ndivyo pwani inavyotakiwa kunukia."

Niliinuka nikaenda msalani nikajisugua shingo kwa sabuni ya kuoshea sakafu. Chupa ya marashi niliimwaga. Kilichonichefua zaidi ni kwamba banda lile lilikuwa bado zuri. Hata likiwa limegeuzwa, hata likikata njia kama mfupa kooni, mtu angelitazama akalipenda. Uzuri wangu ndio waliokuwa wakiufunikia shimo.

Nilikwenda kwa shangazi nikamweleza. Alikuwa akipindua samaki kwenye karai, hakuinua macho. Aliniuliza ikiwa kompyuta ina kufuli. Nikasema haina.

"Basi itafungaje njia?"

Nikamchorea kwa kijiti mchangani: hapa banda, hapa ua, hapa lango, hapa funguo kwa mlinzi. Akatazama mpaka mafuta yakaanza kutoa moshi. Njia nyingine ya kufika ufukweni ni ya kuzunguka hoteli zote mpaka kule kwenye mkondo wa bahari, kisha kurudi kwa kupita mchangani. Alijua kuliko mimi hilo lina maana gani. Wachuuzi wa pikipiki wenye makasha ya barafu wangekuwa wamekwisha kununua kila kitu.

"Nikizunguka huko nitakuta magamba," akasema. Kisha akasema hatoanza kuuza karanga za kweli akiwa na umri huu, akacheka peke yake, na kicheko hicho sikukipenda.

Nikamwendea Ziro, mwenyekiti wa kamati ya ufukwe, mtu mwenye sauti nene katika mazishi na harusi. Nilimwambia njia ile ni ya umma, haiwezi kuzibwa kwa bustani. Alinisikiliza akichokonoa meno. Alijua yote. Alikuwa ameahidiwa kibanda cha soda ndani ya bustani, na alinishauri nisiwe kama kuku anayeparua chakula cha wenzake. Watu wataitwa, akasema, watakunywa soda, wataandika majina, basi. Wanawake niliowaeleza njiani nao walinitazama kama mtu anayetabiri mvua. Wengine walisema serikali haiwezi kufanya hivyo. Wengine walisema serikali hufanya hivyo kila siku, kwa hiyo kuna haja gani ya kusema. Nilitamani kuwatikisa mabega mmoja mmoja.

Mkutano wa kuchukua maoni ya wananchi ulifanyika kiwanjani hapo hapo, ndani ya turubai. Televisheni kubwa ililetwa kutoka hotelini, na soda, na viti vyenye vitambaa vyeupe vilivyofungwa mgongoni kwa utepe. Nilivitazama viti vile nikaona kama viti vya arusi ambayo bibi arusi haijui. Afisa wa bustani, dada mmoja anayeitwa Caroline, mtulivu, mwenye kalamu sikioni, aliwaambia watu utaratibu: mchoro watakaoukubali utatiwa sahihi mbele yao, na ukishatiwa sahihi hausogezwi tena na mtu yeyote. Bwana Masha alitikisa kichwa kwa heshima. Mimi nilikaa kando ya televisheni na kompyuta mapajani, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kuiendesha modeli ile.

Tulianza na filamu. Kamera iliingia kutoka baharini kama ndege, ikashuka, ikalizunguka banda langu wakati wa machweo. Bwana Masha alikuwa amelijaza watu aliowatoa kwenye maktaba ya kompyuta: wanawake wa kizungu wenye kofia pana, watoto wanaokula aiskrimu, mzee na mbwa mwenye manyoya ambaye angekufa kwa joto la Mvinjeni kabla ya saa nne. Hapakuwa na leso hata moja. Hapakuwa na mtu aliyebeba kitu kichwani. Filamu ilipoisha watu walipiga makofi. Shangazi yangu naye alipiga.

Kisha Harusi akasimama. Harusi ni jirani wa shangazi kwenye foleni, mwanamke wa ukoo wa visiwani, msafi kupindukia, ambaye huliosha beseni lake mara tatu na kulisomea dua kabla ya kulitia samaki.

"Bwana Masha, shikamoo ya kazi njema," akaanza, na watu wakaguna kwa furaha kwa sababu yeye ndiye mkubwa kwa umri. "Banda zuri, wallahi. Ningekuwa msichana ningeolewa humo. Sasa nionyeshe, mimi asubuhi natua beseni wapi?"

Bwana Masha akatabasamu. Alisema mradi huu umezingatia usafi, kwamba pale njiani palikuwa na uchafu mwingi na sasa umeshughulikiwa. Harusi akabaki amesimama. Caroline akaomba kuona kiwanja kutoka juu. Nikaifungua modeli, nikailaza, kiwanja chote kikaonekana kama mkeka. Kando ya skrini yakajipanga majina ya matabaka: Miti. Upepo. Jua. Kuta. Na la mwisho, limezimwa, Takataka.

Harusi alisogea karibu akasoma kwa sauti, taratibu, kama anayeonja. "Ta-ka-ta-ka. Hiyo ndiyo nini?"

"Ni ule uchafu tulioukuta, mama," akasema Bwana Masha.

Caroline akauliza kama tunaweza kuuona. Mimi nikamtazama Bwana Masha. Naapa sikumshawishi kwa jicho wala kwa neno. Yeye mwenyewe alinyoosha mkono kwa watu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayewahurumia.

"Washa, Sanga. Wacha waone wenyewe jinsi walivyokuwa wakiishi."

Nikawasha.

Yakatokea yote kwa pamoja, mekundu, ya buluu, ya kijani, yakifuatana kwenye mchanga kutoka barabarani mpaka pwani, kila moja na jiwe lake. Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema lile la manjano si la Zipporah? Mwingine akasema na lile lenye kitambaa cha maua ni la dadake. Wakaanza kusimama, kuelekeza vidole, kutajana, na uso wa Bwana Masha ukawa kama wa mtu aliyekanyaga kitu laini gizani.

Harusi alipata beseni lake. Aliweka kidole juu ya kioo. Mstari wa mabeseni ulikuwa ukipita chini ya paa la banda, na beseni lake lilikuwa limekaa katikati ya kijichumba kidogo kilichochorwa duara na mrija.

"Hili langu. Sasa chumba hiki kilicho juu yake ni cha nini?"

Akanigeukia mimi.

"Sanga, mwana wa Zipporah. Nakuuliza wewe."

"Ni choo, bibi."

"Cha nani?"

"Cha wanaume."

Aliutoa mkono kwenye kioo akaupangusa kwenye buibui, mara mbili. "Chombo changu cha riziki," akasema polepole, "mmekitia chooni."

Hapo ndipo watu walipoinuka. Njia waliyopita mama zao ilikuwa izibwe mbele ya macho yao, nao walikuwa wakimeza soda. Nilikuwa nimewaeleza kwa sheria, kwa mchoro wa mchangani, kwa kila namna, wakapiga miayo. Lakini beseni la chakula chooni! Walitema mate chini. Mwanamke mmoja aliifunika pua. Wanaume waliokuwa wamekuja kwa ajili ya soda walizirudisha chupa kwenye kreti kana kwamba zimechotwa mle mle. Wanne walijaribu kusema kwa wakati mmoja, na kila mmoja alikuwa na neno baya zaidi la najisi kuliko mwenzake. Nilifurahi na nikachukia, vyote viwili, kwa pumzi moja.

Bwana Masha alipanda juu ya kiti, akawageukia watu na kuipa televisheni mgongo, mikono juu kama mtu anayetuliza ng'ombe.

"Jamani, choo ni kitu cha kusogezwa tu, si neno. Mnaona? Kijana atasogeza sasa hivi. Sanga, sogeza."

Nikakisogeza choo kidogo. Kikaacha beseni la Harusi, kikalikalia la mwenzake. Kelele zikazidi.

"Sogeza," akasema tena bila kugeuka. "Sogeza mpaka waridhike."

Basi nikasogeza. Nilikamata banda zima na vyoo vyake, ua na lango lake. Ua na lango nikavifuta. Vyoo nikavipeleka karibu na barabara, kule ambako upepo hauwezi kuvitumia dhidi ya mtu. Banda nikaligeuza polepole watu wote wakitazama, likazunguka kama mtu anayejigeuza kitandani, nikalivuta kusini mpaka likaingia chini ya mikungu na kutulia. Nilikuwa nalijua pahali pake kama ulimi unavyojua pengo la jino. Kisha nikaliambia jua lipande. Kivuli kikatambaa kutoka chini ya ukingo wa paa, kikavuka mchanga, kikalala juu ya mabeseni, moja baada ya jingine.

Kelele zilikuwa zimekwisha. Bwana Masha alidhani ni yeye aliyewatuliza, akashusha mikono.

"Hapo," akasema shangazi yangu. Hakupaza sauti. "Acha hapo hapo."

Harusi akasema hapo. Nyuma wakasema hapo. Caroline akachukua kalamu sikioni, akauliza kwa utaratibu wake kama wananchi wanaukubali mchoro huo kama ulivyo kwenye skrini, na wakakubali. Ndipo Bwana Masha alipogeuka. Alisema huo ni mchoro wa zamani, wa majaribio, kijana amekosea.

"Ulisema asogeze mpaka waridhike," akasema Caroline. "Wameridhika." Akatia sahihi.

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Ziro. Alipiga kwa nguvu, akitazama huku na huku aonekane, na baadaye alisimama akatoa hotuba ndefu kuhusu jinsi kamati yake ilivyoipigania njia hii. Watu walimwitikia. Nilitazama chini nisije nikasema kitu mbele ya wazee.

Bwana Masha hakunifokea. Alinisubiri kando ya gari. Aliichukua kompyuta ya ofisi mikononi mwangu, akatoa kitambaa akaifuta mahali vidole vyangu vilipokuwa, akaifuta vizuri, pande zote mbili.

"Nilikosea," akasema. "Nilidhani wewe ni msanifu, kumbe mtoto wa mama karanga."

"Vyote viwili," nikamwambia. Akaingia garini, akafunga kioo.

Sasa nakaa Vitengeni, nachora nyumba za watu wanaojenga chumba kimoja kimoja. Kila mwenye nyumba namuuliza upepo wake unatoka wapi, nao huniona mganga. Banda la Mvinjeni lilijengwa, pale pale lilipotiwa sahihi. Kwenye ncha ya barabara pana jiwe lililochongwa jina la msanifu, na jina hilo ni la Masha. Nilikwenda kuliona banda baada ya kufunguliwa, asubuhi moja ya kusi. Nilivaa shati jeupe. Nilitaka kukaa juu ya baraza langu, kimya, na kusikia hewa ikipita mahali nilipoiambia ipite.

Baraza lilikuwa limejaa mabeseni. Walikuwa wameiacha njia, na kivuli nilichowatengenezea njiani, wakaipandisha foleni yote juu ya mawe yangu, kutoka ncha ya barabara mpaka ncha ya bahari. Magamba yalikuwa yameganda kwenye chokaa kama pesa za bandia. Maji ya samaki ya jana, yenye damu, yalikuwa yametiririka kutoka ukingoni yakachora mistari ya kahawia sakafuni, na paka mwenye jicho moja alikuwa akiilamba. Nzi walikuwa wengi kuliko watu. Na upepo ulikuwa ukifanya kazi niliyoupa: uliingia kwa upande wa kusini bila kizuizi, ukaikusanya ile harufu, ukaigawa sawasawa kwa kila mtu, ukatoka kaskazini kwenda hotelini.

Nilitafuta pa kukaa, sikuona. Karibu nami palikuwa na beseni la buluu lenye jiwe ndani, nikainama nilisukume kidogo tu, nipate nafasi ya mtu mmoja.

"Wee kijana. Hilo lina mwenyewe."

Alikuwa mwanamke nisiyemjua, mama karanga mgeni, amejifunga leso kifuani na mswaki mdomoni. Nilimsalimu. Nikamwambia, kwa adabu, kwamba banda hili nimelisanifu mimi. Alinitazama kutoka kwenye shati mpaka kwenye viatu, akautoa mswaki mdomoni.

"Banda lako, sawa. Na beseni je, lako?"

Nikauondoa mkono. Nikasimama nyuma ya beseni lile la buluu, kwa kuwa ndipo pekee palipobaki nafasi, nikaziba pua.